Mzimu wa Kikorea na baba mwenye nyumba

Wadau, wiki hii hosteli ilikuwa filamu za kutisha za Korea tu, watu wakalala na taa. Mimi kilichonitisha zaidi ni akina baba.

Tuanze na hadithi ya kale ya Janghwa na Hongryeon, enzi za ufalme wa Joseon. Mama wa kambo anaweka panya aliyechunwa kitandani kwa binti, anadai kaharibu mimba. Baba anaamini. Binti anazamishwa, mdogo wake anamfuata majini. Mizimu yao inakwenda kumlilia mkuu wa wilaya, maana nyumbani hakuna aliyewasikiliza.

Filamu yake ilitoka 1924, Korea ikitawaliwa na Japani. Mwaka 2003 Kim Jee-woon akaifanyia kazi upya katika A Tale of Two Sisters. Humo baba anajua mengi, ila yuko kimya. Halafu The Wailing ya Na Hong-jin, 2016: baba ni polisi, anampenda bintiye kupita kiasi, lakini hajui amwamini nani, mganga au yule mwanamke wa nguo nyeupe. Anachagua, familia inaangamia.

Mmoja kadanganywa, mwingine kanyamaza, wa tatu kachanganyikiwa. Mzimu unaingilia mlango uleule, pale watu wa nyumba moja wasipoaminiana.

Haya, nyie mngemwamini nani?