Tarehe Tatu za Postikadi: Ukusanyaji na Ukadiriaji wa Umri wa Picha za Mji wa Oxford

Utangulizi

Postikadi ya zamani yenye picha ya mji ni hati ndogo ambayo mara nyingi hutumiwa na wanahistoria kama pambo la kurasa zao tu. Makala haya yanadai kwamba hati hiyo inastahili kusomwa kwa uangalifu uleule ambao wahakiki wa fasihi hutumia wanapoisoma miswada ya kale. Mfano uliochaguliwa ni Oxford, mji wa chuo kikuu nchini Uingereza. Picha za mji huu zilichapishwa kwa wingi mno tangu mwisho wa karne ya 19, na majengo yake ya mawe, yanayoonekana kana kwamba hayabadiliki, humhadaa kwa urahisi msomaji anayetafuta tarehe.

Hoja ya msingi ni kuwa kila postikadi iliyotumwa ina tarehe tatu: ya kupigwa kwa picha, ya kuchapishwa kwa kadi na ya kutumwa kwake. Tarehe hizi huweza kuachana kwa miaka mingi. Muhuri wa posta, ambao ndio hutazamwa kwanza, huthibitisha tarehe ya tatu peke yake. Unatuarifu kuwa picha haikupigwa baada ya siku ile. Hausemi ilipigwa lini.

Ushahidi wa mgongo wa kadi

Posta ya Uingereza iliruhusu kadi za wachapishaji binafsi zitumwe kwa nusu peni kuanzia Septemba 1894. Mwanzoni upande mmoja ulitengwa kwa anwani pekee, na mwandishi alilazimika kuubana ujumbe wake pembeni mwa picha. Mwaka 1902 iliruhusiwa mgongo ugawanywe, ujumbe ukae kushoto na anwani kulia. Kwa hiyo kadi ya Oxford yenye mgongo uliogawanywa haikuchapishwa kabla ya 1902, hata kama picha yake ni ya zamani zaidi.

Ada ya posta nayo ni shahidi mwema pale muhuri ulipofifia. Nusu peni ilidumu hadi Juni 1918, ikapanda kuwa peni moja. Mwaka 1921 ikawa peni moja na nusu, mwaka 1922 ikarudi peni moja, na mwaka 1940 ikafika peni mbili. Hata hivyo, sura ya mfalme kwenye stempu haina budi kusomwa kwa hadhari. Edward VII alifariki Mei 1910, ilhali stempu za kwanza za George V zilitolewa Juni 1911. Katika mwaka ule mzima, barua za Waingereza zilibeba sura ya mfalme aliyekwisha kuzikwa.

Ushahidi wa picha yenyewe

Baada ya mgongo, mtafiti huigeukia picha. Kanisa la Mtakatifu Martin katika njiapanda ya Carfax lilibomolewa mwaka 1896, ukasazwa mnara wake tu. Picha inayoonyesha kanisa zima ni ya kabla ya hapo. Daraja la Chuo cha Hertford, lililobuniwa na Thomas Graham Jackson na ambalo leo ni alama mashuhuri ya mji, lilikamilika mwaka 1914. Tramu zilizokokotwa na farasi zilianza kazi mwaka 1881 na kukoma mwaka 1914, zikaachia nafasi mabasi ya magari. Aidha, wanawake walikuwa na kumbi zao za masomo Oxford tangu 1879, lakini hawakukubaliwa kuwa wanachuo kamili na kupewa shahada hadi 1920. Picha ya mwanamke aliyevaa joho la mwanafunzi wa chuo hicho hueleza mengi kwa kipande kimoja cha nguo.

Ichukuliwe, kwa mfano, kadi inayoonyesha tramu ya farasi katika barabara ya High Street, yenye mgongo uliogawanywa, stempu ya peni moja na muhuri wa 1919. Picha ilipigwa kati ya 1881 na 1914. Kadi ilichapishwa mwaka 1902 au baadaye. Ujumbe ni wa 1919. Anayeutegemea muhuri peke yake atawarudisha farasi barabarani miaka mitano baada ya kuondolewa. Isitoshe, atamfanya mwandishi wa ujumbe kuwa shahidi wa jambo ambalo hakuliona siku alipoandika.

Wachapishaji na wakusanyaji

Chanzo cha mtengano huu ni biashara. Bamba moja la kioo liliweza kutumika kwa miaka, kadi zikichapishwa upya kila akiba ilipoisha. Kadi nyingi za Uingereza kabla ya 1914 zilichapishwa Ujerumani, na rangi zilitiwa juu ya picha nyeusi na nyeupe na mafundi ambao hawakuhitaji kuuona mji wenyewe. Kwa sababu hiyo, rangi ya anga au ya nguo katika kadi hizo si ushahidi wa kutegemewa. Kampuni ya Francis Frith ilizipa picha zake nambari ambazo humsaidia mtafiti kuufikia mwaka wa picha. Kwa upande mwingine, makao ya kampuni ya Raphael Tuck jijini London yaliteketezwa kwa mabomu Desemba 1940, na kumbukumbu zake zikapotea.

Wakusanyaji nao wana sehemu yao katika upotevu huu. Anayebandua stempu ili aiweke katika albamu nyingine, au anayeigundisha kadi kwa gundi hata mgongo usionekane, huharibu ushahidi ambao hauwezi kurejeshwa. Kadhalika, anayekusanya picha za vyuo pekee huacha mitaa ya wafanyakazi kama St Ebbe's, ambayo sehemu yake kubwa ilibomolewa katika karne ya 20, nje ya kumbukumbu ya mji.

Hitimisho: kadi na muswada

Tatizo hili si geni kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikusanywa miongo kadhaa baadaye kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor huko Mombasa. Umri wa karatasi si umri wa shairi, na tarehe aliyoiweka mnakili mwishoni mwa utenzi si lazima iwe ya mtunzi. Baina ya mtunzi na msomaji amepita mnakili, kama vile baina ya mpigapicha na mtumaji alivyopita mchapishaji.

Inafaa basi orodha ya makusanyo, yawe ya postikadi au ya miswada, iwe na safu tatu za tarehe badala ya moja, na kila safu ionyeshe ushahidi uliotumika. Pale ushahidi unapokosekana, safu iachwe wazi. Nafasi iliyo wazi humwalika mtafiti ajaye. Tarehe iliyokisiwa na kuandikwa kama ya hakika humfungia mlango.