Anga Masandukuni: Wahadhiri wa Falaki Waliosafiri na Nyota Zao

Historia ya planetari huandikwa mara nyingi kana kwamba ilianzia Munich tarehe 21 Oktoba 1923, siku ambayo projekta ya kampuni ya Zeiss, iliyobuniwa na mhandisi Walther Bauersfeld, ilimulika nyota zipatazo 4,500 ndani ya kuba la makumbusho ya Deutsches Museum. Kwa masimulizi hayo mashine ndiyo shina, jengo ndiyo makazi yake halali, na makuba ya kujazwa hewa yanayobebwa leo kutoka shule hadi shule ni nakala hafifu kwa wasiomudu kitu chenyewe. Mpangilio huo una kasoro. Zaidi ya miaka 150 kabla ya siku hiyo, watu wa kawaida walikuwa wakilipa kiingilio ili waonyeshwe mwendo wa sayari, na aliyewaonyesha aliwasili mjini kwa gari la farasi akiwa na vyombo vyake masandukuni. Msemaji huyo ndiye shina, na sisemi hivyo kwa kuwa tu alitangulia. Kila chombo kilichowahi kuundwa ili kuigiza anga kina mahali kinaposema uongo, na uongo huo husahihishwa na mtu aliye hai, aliyesimama kando ya chombo na anayejua kilipokosea.

Mmoja wa wasemaji hao, James Ferguson, alizaliwa Uskoti mwaka 1710 katika familia maskini. Akiwa kijana mchunga kondoo, usiku alilala chali malishoni, akaunyoosha uzi wenye shanga mbele ya macho, akazisogeza shanga mpaka kila moja ifunike nyota. Kisha akaulaza uzi juu ya karatasi na kutia alama. Chuo hakukipata. Kwa miaka mingi alikula jasho la kuchora picha ndogondogo za sura za watu, na ni baada ya kuhamia London mwaka 1743 alipoanza mihadhara iliyompeleka hata miji ya mikoani kama Bath na Bristol. Alibeba oreri, yaani chombo cha gia kinachozungusha sayari ndogo kulizunguka jua, na nyingine alizitengeneza kwa mikono yake. Mwaka 1756 alichapisha kitabu cha kufafanua falaki ya Newton kwa wasio na hisabati ya juu, na mwaka 1763 Royal Society ikampokea kuwa mwanachama. Sura ya mikutano ya namna hiyo tunaiona katika mchoro maarufu wa Joseph Wright wa Derby wa mwaka 1766: taa imewekwa mahali pa jua, na waliokizunguka chombo ni pamoja na watoto, mwanamke, na mwanamume anayeandika. Ifahamike kwamba wakati huo Oxford na Cambridge hazikupokea wanawake kabisa. Mwaka 1773 mwanamuziki mmoja wa Bath, William Herschel, alinunua kitabu cha Ferguson. Tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini aliyoiunda mwenyewe, akaiona sayari ya Uranus. Sidai kwamba kitabu kimoja kilizaa ugunduzi, lakini mtu asiye na shahada ya falaki alihitaji mlango wa kuingilia, na mlango huo ulifunguliwa na mhadhiri wa barabarani.

Oreri ya mezani iliwatosha watu wachache walioinama kuizunguka. Mhadhiri mwingine, Adam Walker, akaipeleka kazi hiyo jukwaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 alianza kuonyesha Eidouranion, mtambo wima uliozidi futi 15, wenye sayari za kupenyeza mwanga zilizomulikwa kutoka nyuma ilhali ukumbi uko gizani, na muziki ukasindikiza maneno yake. Wanawe waliirithi kazi, wakafuatwa na washindani, mmojawapo George Bartley, mwigizaji wa vichekesho. Msimu wao mkubwa ulikuwa Kwaresima. Katika siku fulani za mfungo huo michezo ya kuigiza ilikatazwa kwenye kumbi za London, na wenye kumbi walitafuta cha kujaza viti bila kuliudhi kanisa; mhadhara wa nyota uliomtukuza Muumba ulikubalika. Wapo wanaosema kwamba hapo falaki ilishushwa hadhi ikawa tamasha. Mimi naona kwamba ndipo ilipopata hadhira ambayo hakuna chuo kilichokuwa tayari kuikaribisha.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa mtu wa kusikilizwa, John Herschel, mwana wa William mwenyewe. Mwaka 1833 aliziita oreri vitu vya kitoto, akasema haiwezekani kupata picha sahihi ya ulimwengu kutokana nazo, kwa sababu zinapotosha ukubwa na umbali. Alikuwa na haki. Hata Eise Eisinga, mchambua sufu wa Franeker, Uholanzi, aliyejenga mtambo wa sayari darini mwa sebule yake kati ya 1774 na 1781 baada ya watu kuingiwa na hofu kwamba kukaribiana kwa sayari kungeleta maangamizi, hakuukwepa ugumu huo. Umbali aliupima kwa uaminifu, milimita 1 kwa kilomita milioni 1, lakini kwa kipimo hicho dunia ingekuwa na upana wa sehemu moja ya mia ya milimita na isingeonekana kwa macho. Ilimbidi azikuze sayari zake. Ila tuangalie Herschel alipendekeza nini badala ya oreri. Utafute uwanja tambarare, uweke tufe la kipenyo cha futi 2 liwe jua. Sayari ya Zebaki iwe mbegu ya haradali kwenye duara la kipenyo cha futi 164. Dunia iwe njegere kwenye duara la futi 430. Uranus iwe tunda la cheri kwenye duara linalopita maili moja na nusu. Hilo nalo ni onyesho. Halina mwendo wala mwanga, na halieleweki pasipo mtu wa kuwaongoza watazamaji na kuwaambia wanatazama nini. Herschel alikikosoa chombo kimoja kwa kubuni kingine chenye upungufu mwingine, na vyote viwili vilibaki vikimhitaji msemaji.

Taasisi ya Urania ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1888 na Wilhelm Foerster na Max Wilhelm Meyer, ilikuwa na jukwaa maalumu la sayansi lenye mandhari za kuchorwa na taa, na mihadhara yake ilivuka bahari hadi New York. Projekta ya Munich ya 1923 ilileta jambo jipya kweli: oreri humweka mtazamaji nje ya mfumo wa jua kana kwamba anautazama kutoka mbali, ilhali kuba humrudisha chini ya anga analolijua. Mtu anaweza kusema kwamba kwa tofauti hiyo ukoo wa wahadhiri hao ulikatika. Lakini projekta ile ya kwanza ilijua anga la latitudo ya Munich peke yake, na ilihitaji muundo wa pili ili kuonyesha anga la mahali pengine. Na ilikuwa ghali. Mwaka 1947 Armand Spitz wa Marekani aliuza projekta ya dola 500 iliyotumia umbo la pande 12 badala ya tufe la lenzi. Mwaka 1977 Philip Sadler akaleta Starlab, kuba la kitambaa linaloinuliwa kwa feni na kukunjwa ndani ya mfuko. Anga likarudi barabarani. Nchini Kenya, Susan Murabana na Chu Owen wamekuwa wakizunguka na darubini na kuba la hewa kwa jina la The Travelling Telescope, na hapo ndipo hoja ya mahali inapokuwa na uzito. Filamu iliyotengenezwa Chicago humwonyesha mtoto Nyota ya Kaskazini ikiwa juu nyuzi 42, makundi ya nyota yakiizunguka. Nairobi nyota hiyo imezama upeoni, nyota za mashariki huchomoza wima, na Msalaba wa Kusini huonekana upande wa kusini. Mtoto akitoka nje usiku asione alichofundishwa, atajilaumu yeye au ataacha kuamini. Mhadhiri aliye pale huligeuza anga lifuate ikweta.

Msemaji naye hukosea. Ferguson aliamini kwamba sayari nyingine zina wakazi, na wahadhiri wa Kwaresima walichanganya hesabu na mahubiri. Tena hafiki mbali: kuba la hewa huchukua watu wachache kwa zamu, ilhali filamu moja huonyeshwa katika miji mingi kwa wakati mmoja. Hayo nayakubali. Hata hivyo kosa la mtu aliye mbele yako laweza kuulizwa na kujibiwa papo hapo, na kosa la filamu hurudiwa neno kwa neno kila filamu inapowekwa kwenye mashine. Wala haifai kudhani kwamba msemaji ni mbadala wa wasio na fedha. Planetari ya Morehead huko Chapel Hill, Marekani, iliwafunza wanaanga zaidi ya 60 kati ya 1959 na 1975 kutambua nyota, miongoni mwao Neil Armstrong, na mafunzo hayo yaliendeshwa na wakufunzi waliokuwa nao chini ya kuba. Griffith Observatory ya Los Angeles, iliyofunguliwa mwaka 1935, ilipofunguliwa upya mwaka 2006 ikiwa na vifaa vya kisasa, iliendelea kumweka mhadhiri mbele ya hadhira badala ya kuwaachia watazamaji sauti iliyorekodiwa.