Nidhamu Iliyotoka Kwenye Kalamu

Karatasi ya A4 unayoinunua dukani ina kanuni yake, iliyoandikwa Ujerumani mwaka 1922. Kanuni hiyo, DIN 476, kazi ya mhandisi Walter Porstmann, ilifunga upana na urefu wa karatasi katika uwiano mmoja: ukiikunja katikati, kila nusu ina umbo lile lile la karatasi nzima. A1 huzaa A2, A2 huzaa A3. Baadaye kalamu za wino za wachoraji wa ramani zikafuata hesabu hiyo hiyo katika unene wa mistari: milimita 0.25, 0.35, 0.5, 0.7 na 1.0, kila moja ikiizidi iliyotangulia kwa takriban mara 1.4. Mchoro wa A1 ukipunguzwa hadi A2, mstari wa 0.5 unakuwa wa 0.35, na mchoraji anaendelea kuirekebisha nakala ile ndogo kwa kalamu aliyonayo mezani. Mchoraji mwenyewe hakulazimika kuikariri kanuni hii. Kalamu ya 0.35 haikuwa na namna ya kuchora mstari wa 0.5, hata iwe mkononi mwa mzembe. Nidhamu ilikaa ndani ya chombo.

Kompyuta ndiyo iliyoitoa humo. Programu ya AutoCAD ilipoingia sokoni mwishoni mwa 1982, wengi walitarajia kwamba mashine itamaliza tofauti za mkono wa huyu na yule. Usahihi wa vipimo kweli ulipatikana, lakini uhuru nao ukaongezeka kupita kiasi. Mstari ungeweza kupewa rangi yoyote kati ya 255, na rangi kwenye skrini ndiyo iliyoiambia mashine ya kuchapa ichukue kalamu ipi. Basi nyekundu ya ofisi moja ikawa mstari mwembamba, na nyekundu ya ofisi ya jirani ikawa mnene. Mchoro wenyewe uligawanywa katika matabaka, mfano wa karatasi angavu zilizopangwa juu kwa juu: kuta tabaka hili, nyaya za umeme lile. Kila mtu aliyabatiza matabaka yake apendavyo. Mhandisi wa mabomba akipokea faili la msanifu majengo alianza kwa kubahatisha ukuta uko wapi. Ilipita miaka minane ndipo Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani, mwaka 1990, ikatoa mwongozo wa kuyapa matabaka majina: A-WALL kwa kuta za msanifu, S-BEAM kwa mihimili ya mhandisi wa miundo. Kiwango cha kimataifa, ISO 13567, kilifuata mwaka 1998. Kwa hiyo viwango hivi havikuletwa na urasimu wa watu wasio na kazi. Vilikuja kuziba pengo lililoachwa na kalamu.

Wapo wanaosema viwango vinaua ubunifu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ubunifu wa jengo ungekaa kwenye jina la tabaka, nao haukai huko. Wenye hoja nzito zaidi ni wale wanaosema kwamba programu za leo zinaweza kujikagua zenyewe, na kwamba kiwango kikishaandikwa kazi imekwisha. Ni kweli programu hukagua, ila hukagua kwa kulinganisha na faili ambalo mtu alilitengeneza, na faili hilo huzeeka. Waingereza walilijua jambo hili tangu zama za karatasi: kiwango chao cha michoro ya uhandisi, BS 308 cha mwaka 1927, kilifanyiwa marekebisho tena na tena hadi BS 8888 ikachukua nafasi yake mwaka 2000. Kiwango cha taifa cha Marekani cha michoro ya kompyuta kilitoka mwaka 1999, na kufikia 2014 kilikuwa toleo la sita. Kuandika ndiyo sehemu rahisi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni ndege ya Airbus A380. Kila ndege ilibeba nyaya za umeme zenye urefu wa kilomita 530 hivi. Wahandisi wa Toulouse, Ufaransa, na wenzao wa Hamburg, Ujerumani, walitumia programu ya jina moja, CATIA, lakini Toulouse ilikuwa imehamia toleo la tano huku Hamburg ikibaki na la nne. Hapakuwa na upungufu wa kanuni. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha pande zote mbili zinahama pamoja. Nyaya zilizotengenezwa kwa michoro ya Hamburg zilipofika kufungwa, nyingine zilikuwa fupi. Mwaka 2006 kampuni mama ikatangaza kwamba ucheleweshaji huo ungeipunguzia faida euro bilioni 4.8 kufikia 2010. Mafundi wa Kijerumani wakapelekwa Toulouse kufunga nyaya upya kwa mikono, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa kwa Singapore Airlines tarehe 15 Oktoba 2007, ikiwa imechelewa kwa takriban miezi 18.