Kinamasi cha kutengenezwa hunasa metali nzito, ila tope lake lahitaji ulinzi

METALI nzito kama vile risasi, shaba, zinki na kadimiamu haziozi. Zikitoka viwandani au migodini pamoja na majitaka, huweza kuingia katika samaki na mboga, na hatimaye katika mwili wa binadamu. Risasi, kwa mfano, hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo mno.

Mojawapo ya njia nafuu za kuzinasa ni kinamasi cha kutengenezwa. Hiki ni kidimbwi kisicho na kina kirefu, kilichozibwa chini ili maji yasipenye ardhini, kikatiwa udongo au kokoto na kupandwa matete, mafunjo au mimea mingine ya majini. Majitaka hupitishwa humo polepole.

Wengi hudhani kuwa mimea ndiyo inayonyonya sumu yote. La hasha! Sehemu kubwa ya metali huishia katika tope. Majani na mizizi inayooza huwalisha bakteria wanaoishi mahali pasipo na oksijeni. Bakteria hao hugeuza salfeti iliyomo majini kuwa salfaidi, ambayo huungana na shaba, zinki au risasi na kufanya chembe zisizoyeyuka, zikatuama chini.

Nchini Marekani, kituo cha nyuklia cha Savannah River, jimbo la South Carolina, kilijengewa mfumo wa aina hii mwaka wa 2000, hasa kwa ajili ya kuondoa shaba. Jasi ilichanganywa na udongo ili bakteria wapate salfeti.

Jijini Nairobi, mbinu yenyewe si ngeni. Mwaka wa 1994, kinamasi kilitengenezwa kusafisha majitaka ya mkahawa wa Carnivore, ingawa hayo hayakuwa ya kiwanda cha metali.

Hata hivyo, kinamasi hakiangamizi metali, huzihifadhi tu. Kikiachwa kikauke, hewa hupenya topeni, salfaidi huvunjika na sumu huyeyuka upya. Maji yenye asidi kali nayo huleta hatari iyo hiyo.

Kwa hivyo, maji yanayotoka yapimwe mara kwa mara, na mimea yake isilishwe mifugo. Aidha, tope likijaa lipelekwe penye hifadhi ya taka za sumu, wala lisitiwe shambani kama mbolea. Mwenye kiwanda aamue tope litapelekwa wapi kabla ya kuchimba kidimbwi.