Godoro: gumu, zito au imara?

godoro nm ma- [li-/ya-] mfuko mnene uliojazwa sufi, pamba, usumba au sponji, ambao hutandikwa kitandani ili kulaliwa.

Matumizi: Madukani Kariakoo, Dar es Salaam, upana na urefu wa godoro hutajwa kwa futi, na unene kwa inchi: *Nataka la 5 kwa 6, inchi 8.*

Tanbihi: *Gumu* huhusu namna godoro linavyokinza mwili, *zito* huhusu uzani, *imara* huhusu kudumu. Uimara wa sponji hutegemea zaidi densiti, yaani kilo zilizomo katika kila mita ya ujazo. Sponji yenye densiti kubwa yaweza kuwa laini na ikadumu. Yenye densiti ndogo yaweza kuwa ngumu ikiwa mpya, kisha ikabonyea mapema chini ya kiuno. Hivyo, mfasiri anayeandika *godoro gumu* palipokusudiwa densiti humpotosha mnunuzi.

Mfano: *Usilipime godoro kwa kiganja tu, lilalie ubavu, uone kama bega linazama kidogo na mgongo unabaki umenyooka.*

Linganisha: tandiko, mto, msufi.