Kutoka Godauni Hadi Fremu

Najua nimeadimika. Nipo field nyumbani, Babati, nafundisha historia, na bumu lilishaisha kitambo. Leo sina udaku wa hosteli, naleta historia kidogo.

Juzi darasani tulikuwa kwenye uchumi wa kikoloni. Nikaeleza reli ilivyofika Nairobi mwaka 1899, na jinsi maghala na viwanda vilivyokuja kujipanga jirani nayo, eneo ambalo mpaka leo linaitwa Industrial Area. Dogo mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kiwanda kikifa, mtaa wake unakuwaje?" Nikamwambia nitamjibu kipindi kijacho. Si mnajua tena ujanja wa walimu wa field.

Jibu la kwanza liko hukohuko Nairobi. Mwaka 2003 ghala moja la zamani, barabara ya Dunga, liligeuzwa kituo cha sanaa, The GoDown Arts Centre, chini ya Joy Mboya. Wakaingia wachoraji, wacheza dansi na wanamuziki. Hata Ketebul Music walikuwa na studio humo. Godauni lina nafasi, paa liko juu, na ukipiga ngoma jirani yako ni kiwanda, halalamiki. Ila Industrial Area yenyewe haijawa mtaa wa kishua, viwanda na malori bado vipo.

Walioimaliza hiyo safari ni SoHo, kule New York. Viwanda vilipohama, wasanii wasio na hela wakaingia kwenye majengo matupu miaka ya 1960. Mwaka 1971 jiji likawaruhusu kisheria kuishi humo. Mtaa ukapata jina, maduka ya bei mbaya yakaja, kodi ikapaa, wasanii wengi wakashindwa wakahama. Mwanasosholojia Ruth Glass alishaona kitu kama hicho London, wenye nacho wakiingia mitaa ya wafanyakazi na wafanyakazi wakitoka. Mwaka 1964 akakiita jentrifikesheni.

Sasa turudi Babati. Viwanda vya kufa hatuna. Lakini mwaka 2002 Manyara ilimegwa kutoka Arusha, mji wetu ukawa makao makuu ya mkoa, na viwanja vya katikati vikaanza kugombaniwa. Mama yangu anashona nguo kwenye baraza moja karibu na stendi tangu mimi nikiwa darasa la pili. Mwezi huu mwenye nyumba kamwambia atafute pengine, anataka kujenga fremu za vioo. Wateja wamezoea njia ile kwa sababu ya mama na mafundi wenzake, ila faida ya mazoea hayo anaichukua mwenye kiwanja.

Kwa hiyo kesho nitamwambia yule dogo kwamba mtaa huamshwa na watu wa kodi ndogo, na ukishapendeza wao ndio wa kwanza kuambiwa wahame.

Jumamosi tunabeba cherehani. Mwenye kujua baraza ya bei poa maeneo ya Bagara au Mrara anishtue, tafadhali.

Nawasilisha.