Vikapu vya Uyoga vya Hereford
Mwaka 1868, mjini Hereford, magharibi mwa Uingereza, chama cha wapenda maumbile kiitwacho Woolhope Naturalists' Field Club kilialika watu kwenda kusaka uyoga. Mhimizaji mkuu alikuwa daktari Henry Graves Bull. Yalikuwa majira ya majani kupukutika, wakati uyoga huchomoza kwa wingi kule. Walipita misituni na malishoni, wakatandaza walichochuma na kukipa majina, kisha wakala karamu yenye uyoga. Desturi hiyo ikaenea hadi Yorkshire, na katika matembezi ya aina hiyo huko Selby, mwaka 1896, ikazaliwa British Mycological Society, chama cha wachunguzi wa kuvu. Nashikilia kwamba matembezi haya yalikuwa kazi ya elimu tangu mwanzo, hata pale washiriki walipoyaona kuwa burudani.

Wapo watakaosema ilikuwa anasa ya madaktari na makasisi. Kwa Hereford kuna ukweli, ila huko Lancashire wafumaji na washona viatu walikuwa wakikutana Jumapili kwenye vilabu vya pombe, kila mmoja na mimea yake, kulinganisha na kujadili majina ya Kilatini. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtembeaji huenda panapompendeza na huokota kinachomvutia. Orodha yake haina mizani. Nakubali, kwa orodha moja. Uzito huja watu wanaporudi palepale miaka nenda miaka rudi. Kwa mfano, mwaka 1859 mtaalamu wa mimea Leo Grindon wa Manchester aliandika kwamba likeni, ule utando wa kijivu ung'ang'aniao magome na mawe, zilikuwa zimepungua, na akataja ukataji wa misitu ya kale na moshi wa viwanda. Likeni hazina mizizi. Hufyonza chochote kiletwacho na mvua na hewa. Kwa sifa hiyo, mwaka 1970 watafiti Hawksworth na Rose waliweza kuzitumia kukadiria dioksidi ya salfa angani.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni wa Edward Gange, aliyeweka kumbukumbu za uyoga wa eneo la Salisbury, kusini mwa Uingereza, kuanzia 1950 hadi 2005 bila kuajiriwa kwa kazi hiyo. Takwimu zake, zilizochapishwa mwaka 2007, zilionyesha kwamba msimu wa uyoga ulirefuka kutoka siku 33 hivi hadi karibu 75. Je, si kwamba alizidi tu kutafuta? Kama ingekuwa hivyo, mabadiliko yangefanana kila mahali. Lakini kuna uyoga uishio kwa kushirikiana na miti ya aina zote mbili, ile inayopukutisha majani na misonobari, na huo ulichelewa kuchomoza penye miti inayopukutisha majani, wala haukuchelewa penye misonobari.